Kabla Halijajua Kukataa

Machi, na mierezi ya mlimani imeanza kumwaga.
Upepo wa Kakegawa siku hizi ni wa manjano:
unafuta kioo cha gari kwa kiganja, unapiga chafya,
unafuta tena.
Nimevaa barakoa mbili, macho mekundu kama ya mlevi,
na mimi ndiye niliyeajiriwa kushika chavua
kwa malipo ya saa.

Bwana Odagiri alicheka siku ya kwanza.
Kinuyo hakucheka. Alinipa kibanio
na kigoda kilichokatwa miguu,
akanionyesha mstari wa kumi na nne: kabichi
zilizoachwa zirefuke hadi zikatoa maua.

"Si hili. Hili limeshafumbuka, limeshaerevuka.
Tafuta tumba, la kijani bado, gumu kama punje ya mtama.
Lipasue taratibu. Usiumize ulimi wake."

Jioni, kwa hadubini ya ofisini,
nikaona sababu.

Chembe ya chavua haisafiri uchi.
Kabla haijatoka kwao, kuta za chumba ilimolelewa
huipaka mafuta, na ndani ya mafuta mna protini,
kitu kidogo, kimekunjwakunjwa
kama noti iliyofichwa kwenye pindo la nguo.
Hilo ndilo jina lake. Haikulichagua.
Imepakwa tu, kama mtoto apakwavyo asubuhi ya safari.

Na ua lina kinywa,
na juu ya kinywa protini nyingine, bawabu,
ajuaye jina moja tu duniani:
la kwao.
Ukitua mgeni, haulizi kitu. Unapewa maji,
unavimba, unashusha mrija wako mwembamba
gizani, hadi kwenye yai.
Ukitua wa nyumbani, jina lako huingia kwake
kama ufunguo, na ufunguo huo
hufunga.
Hupewi tone. Unakauka mlangoni,
hatua moja kutoka kwa mama.

Kwa hiyo shambani tunapanda koo mbili bega kwa bega;
kila moja hujikataa, kila moja humpokea jirani,
na mbegu zote huwa chotara, za kuuza.
Lakini koo zenyewe nani atazihifadhi?
Hapo tunaingia sisi, wezi wa vibanio.
Tumba, siku nne kabla ya kufumbuka,
lina kinywa ila bawabu hajafika kazini.
Unalipasua, unalipaka chavua ya shina lilelile,
nalo linapokea.

"Halijajua kukataa," nikasema,
nikijivunia kuelewa.

Kinuyo hakuinua kichwa.
"Mimi niliolewa na miaka kumi na minane.
Wazee walikaa, chai ikanywewa, ikaisha.
Kukataa nilijifunza nikiwa na thelathini na mbili,
nimeshazaa watatu."
Akapasua tumba jingine. Akalipaka. Akalivika mfuko wa karatasi.
"Watoto wazuri," akaongeza. "Usinielewe vibaya."

Sikupata la kusema. Nikapiga chafya,
na petali zikaniruka magotini.

(Pua yangu nayo ni bawabu, ila bawabu juha:
inafungua barua ya mwerezi isiyoihusu
na kupiga kengele ya moto.)

Siku ya mwisho ya mkataba nilipita mstari ule.
Ua moja tulikuwa tumelisahau; lilikuwa wazi kabisa, petali nne.
Nikalikata na kikonyo chake.
Nikachota chavua yake lenyewe kwa ncha ya brashi,
nikaiweka kinywani mwake, chini ya hadubini, nikangoja.
Dakika ishirini. Arobaini.
Chembe zilikaa vilevile, kavu, zimesinyaa,
wana wa nyumba waliofungiwa nje.

Nilimwita Kinuyo aje aone.
Akafumba jicho moja, akatazama
kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Kisha akalichukua ua, akalichomeka
kwenye tundu la kifungo cha koti lake la kazi,
akarudi kwenye matumba.